Muulize Mpulizaji: Nani huyo nyuma ya gitaa?

Barua za mwezi huu nimezijibu hapa hapa kibandani, Mwanjelwa, katikati ya matarumbeta ya kanisa yanayosubiri kuchomelewa. Moja imechukua nafasi kubwa. Wenye barua fupi mnivumilie.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar hadi Tunduma. Mwenzangu alinipa flashi ya nyimbo za zamani za Kimarekani, nyingi ni ala tupu. Kuna moja inaitwa "Rebel Rouser", ya Duane Eddy. Nikipandisha Kitonga usiku nairudia hiyo hiyo. Gitaa nalielewa. Ila kuna saksafoni nyuma yake, inalijibu gitaa kama mtu anayebisha. Kijana wa stesheneri pale Makambako akaniambia aliyepuliza ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, anatoka kwenye rhythm and blues. Sasa Mmeksiko na rhythm and blues wapi na wapi? Si muziki wa Weusi ule? — Dereva, Igawa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na barabara. Kijana wa stesheneri hakukudanganya. Aliyepuliza ni Gil Bernal, na ni Chicano, yaani Mmarekani wa ukoo wa Kimeksiko.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1931 akakulia Watts, kusini mwa jiji. Ukishaujua mtaa huo, nusu ya swali lako imejibika. Watts ya utoto wake haikuwa ya watu wa aina moja. Nyumba zilikuwa rahisi, treni za abiria zilipita hapo, na Wameksiko, Weusi na Wazungu wasio na kitu waliishi ukuta kwa ukuta. Vita Kuu ya Pili ilipofungua kazi kwenye viwanda vya ndege na meli, Weusi wengi wakahamia kutoka Texas na Louisiana, wakaja na makanisa yao na bluzi zao. Kwenye mtaa huo huo, Mwitaliano mmoja fundi vigae, Simon Rodia, alikuwa akijenga minara ya chuma na saruji nyuma ya nyumba yake na kuipamba kwa vipande vya sahani na chupa. Alifanya hivyo peke yake tangu 1921 hadi 1954, na mnara mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Mtoto aliyekua akiona mambo hayo kila akienda dukani hawezi kushangaa Mmeksiko akipuliza bluzi.

Watts hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Big Jay McNeely, mtu Mweusi, aliyezaliwa 1927. Huyo alipuliza saksafoni amelala chali jukwaani, miguu juu, na wimbo wake "Deacon's Hop" ulishika namba moja mwaka 1949 kwenye orodha ya rhythm and blues. Na jina lenyewe la rhythm and blues ndiyo kwanza lilikuwa linaanza: ni mwaka huo huo, mwezi Juni, jarida la Billboard lilipoacha kuziita nyimbo hizo "za rangi" na kuanza kutumia jina tunalolijua. Miongoni mwa waliomshangilia McNeely kwa kelele kubwa kabisa walikuwa vijana wa Kimeksiko.

Kwa nini wao? Mimi jibu langu ni hili: walikuwa wanapigwa mahali pale pale. Juni 1943, Bernal akiwa na miaka 12, wanajeshi na mabaharia Wazungu waliingia mitaani Los Angeles wakawa wanawakamata vijana wa Kimeksiko waliovaa suti pana, koti refu hadi magotini na suruali pana iliyobana kifundoni. Waliwapiga na kuwavua nguo barabarani. Waliopigwa ndio waliokamatwa na polisi. Vijana Weusi waliovaa suti zile zile nao walipigwa. Wa umri wangu mnaikumbuka Operesheni Vijana ya 1969 na suruali za kubana zilizochanwa hadharani, basi mnajua nguo inavyoweza kuwa kesi. Baada ya hapo kijana wa Kimeksiko na kijana Mweusi wakicheza muziki mmoja, mimi sishangai.

Jiji nalo liliwabana kwa njia nyingine. Sheria za Los Angeles ziliwawekea vijana wadogo vikwazo vya madansi ya hadharani, kwa hiyo waandaaji wakahamishia shughuli nje ya mpaka wa jiji, kwenye ukumbi wa El Monte Legion Stadium. Humo ungekuta bendi ya Johnny Otis, mwana wa Wagiriki aliyeishi maisha yake yote kama mtu Mweusi, na mtangazaji Art Laboe, mwenye asili ya Armenia, na sakafu imejaa Wameksiko, Weusi na Wazungu. Ukiuliza muziki ule ni wa nani, mwenye nao ni Mweusi, hilo halina mjadala. Lakini sebule ilikuwa ya wengi.

Sasa nirudi kwa mtu wetu. Mwaka 1950, akiwa bado hajafika miaka 20, Bernal aliingia kwenye bendi kubwa ya jazi ya Lionel Hampton kama mpuliza saksafoni ya tenori na mwimbaji. Dereva, hapo naomba upunguze mwendo kidogo. Kiti cha tenori kwa Hampton kilikuwa kiti cha moto. Mwaka 1942 Hampton alirekodi "Flying Home", na kijana wa miaka 19, Illinois Jacquet, akapiga solo ambayo wapulizaji wa rhythm and blues wote waliokuja baadaye wameila. Mwishoni anarudia noti moja, moja tu, anaipiga mpaka ukumbi unasimama. Kila aliyekalia kile kiti baada yake alitakiwa aijue solo ile, kwa kuwa watu walilipa kuja kuisikia. Humo ndani Bernal alikutana pia na kijana mpuliza tarumbeta aitwaye Quincy Jones, yule aliyekuja kutayarisha albamu ya Thriller ya Michael Jackson.

Aliporudi Los Angeles akadakwa na vijana wawili Wayahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller, wote wa 1933, waliokuwa wakiandika nyimbo kwa ajili ya waimbaji Weusi. Wakiwa na Lester Sill walianzisha kampuni ndogo ya santuri, Spark. Bernal alirekodi nyimbo za jina lake humo, mojawapo "The Whip", lakini kazi iliyobaki masikioni mwa watu ni ile aliyopuliza nyuma ya kundi la The Robins. Tafuta "Smokey Joe's Cafe" ya 1955. Ni kisa cha jamaa anayeingia mgahawani kula maharage, binti asiyemjua akaingia akaketi jirani naye, mwenye mgahawa akatokea nyuma ya kaunta na kisu. Mwimbaji anasimulia, saksafoni inacheka. Haiingilii neno hata moja. Inangoja mwimbaji avute pumzi, inatia neno lake, inatoka. Kundi hilo liligawanyika mwaka ule ule, na wawili kati yao wakaanzisha The Coasters.

Lester Sill huyo huyo ndiye aliyekuja kushirikiana na Lee Hazlewood, mtayarishaji wa Duane Eddy. Ndipo njia ya Bernal inapokutana na lori lako. "Rebel Rouser" ya 1958 ilirekodiwa Phoenix, Arizona, kwenye studio isiyo na chumba cha mwangwi. Hazlewood akanunua tangi kuukuu la maji, la chuma, akaliweka nje. Spika upande mmoja, maikrofoni upande wa pili, na gitaa likapitishwa humo ndani. Ile sauti inayokuja kama mtoto anayeita kwenye tangi tupu ndiyo hiyo. Kisha utepe ukapelekwa Los Angeles kuongezewa vitu: makofi na vifijo vya kundi la The Sharps, na saksafoni ya Gil Bernal. Ikapanda hadi namba sita Marekani.

Kwa hiyo unapomsikia anabishana na gitaa, ujue gitaa lilishapigwa na kumalizika siku nyingine, mji mwingine. Anabishana na utepe! Na kila gitaa linapopanda nusu sauti, naye anapanda nalo, na kila mara anaingia kwa fujo zaidi. Kubishana na mtu asiyeweza kukusikia, na bado msikilizaji wa Kitonga akaamini mko chumba kimoja, hiyo kwangu ndiyo kazi ya upulizaji.

Baadaye alifanya kazi na Spike Jones, yule wa bendi ya vichekesho vya kengele na bastola, akaendelea na jazi yake Los Angeles. Mwaka 2005 mpiga gitaa Ry Cooder alimwita kwenye albamu *Chávez Ravine*, inayosimulia vitongoji vya Wameksiko vilivyobomolewa miaka ya 1950 kwa ahadi ya nyumba za serikali. Nyumba hazikujengwa, na mwaka 1962 kikafunguliwa hapo kiwanja cha besiboli. Bernal alikuwa amepita miaka 70, na pumzi bado ipo. Alifariki 2011.

SWALI: Kamwene mzee. Napuliza tenori kwaya ya kanisa, Ipogolo. Kila nikisikiliza hao wazee wa Marekani, saksafoni zao zinaguruma, yangu inaimba tu kama filimbi. Ni aina ya saksafoni au ni mimi? — Mwanakwaya, Iringa.

JIBU: Kamwene! Ni wewe, mwanangu, na ni habari njema maana saksafoni ni ghali kuibadilisha.

Mngurumo unatoka kooni. Puliza so ya katikati kama unavyopuliza siku zote, imara, bila kuitikisa. Ikishakaa, imba noti nyingine kooni wakati huo huo unapuliza, kama unavyovumisha wimbo mdomo umefumba. Sauti mbili zikigongana ndani ya bomba, mkwaruzo unatokea. Siku za mwanzo utasikia koo linawasha na noti itakufa kila unapoanza kuvumisha, kwa kuwa pumzi inapungua bila wewe kujua. Ongeza tumbo, usiongeze meno. Wengi wanang'ata ridi, kile kijiti cha mwanzi cha mdomoni, sauti inabanwa inakuwa ya mbu.

Kuna na ile ya kupiga honi. Hapo unashuka hadi noti ya chini kabisa, vifuniko vyote vimefungwa, unaisukuma kwa tumbo, fupi fupi, mara nyingi kwa mpigo wa ngoma. Halafu bila kuinua kidole hata kimoja, badilisha koo peke yake: utapata do ya juu yake, ukiendelea utapata so, kisha do nyingine juu zaidi. Ile milio ya juu inayochana masikio ambayo McNeely aliipiga akiwa chali mlango wake ni huo, koo na pumzi, vidole havina kazi kubwa. Fanya zoezi hilo jioni jioni mahali ambapo hakuna mtoto aliyelala. Kama ridi yako ni namba tatu, shuka hadi mbili na nusu, itakubali haraka.

Ila nikupe na angalizo. Bernal hakuguruma ovyo. Sikiliza "Smokey Joe's Cafe" uone anavyoanza kwa sauti safi, nene, halafu anaikwaruza mwisho wa sentensi tu. Ukiguruma kuanzia ubeti wa kwanza hadi amina, mchungaji atakutoa kwenye kwaya, na mimi nitamuunga mkono.

SWALI: Mzee, huyo Gil Bernal alipata hela? — Wa Tukuyu.

JIBU: Ndaga kwa swali fupi. Mpulizaji wa studio wakati ule alilipwa kwa kipindi cha kurekodi cha muda wa saa tatu, kwa kiwango cha chama cha wanamuziki. Ukimaliza, unasaini, unaondoka. Santuri ikiuza milioni, hundi yako ni ile ile.

Lakini hata aliyetunga hakuwa salama. Kuna Chicano mwingine, Danny Flores, aliyezaliwa Santa Paula, California, mwaka 1929. Huyo ndiye mwenye "Tequila" ya The Champs, na saksafoni ile chafu ni yake, na sauti nzito inayosema jina la kinywaji mara tatu ni yake pia. Alikuwa amebanwa na mkataba wa kampuni nyingine, kwa hiyo akajiandika Chuck Rio. Wimbo uliwekwa upande wa pili wa santuri, wa kujazia. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, na Machi 1958 ukawa namba moja. Tuzo za Grammy zilipotolewa mara ya kwanza kabisa, 1959, ya rhythm and blues ilikwenda kwa wimbo huo. Flores alishauza haki zake za Marekani, akabaki na za nje. Aliupiga mpaka uzeeni, akafariki 2006. Kila ukisikia mtu anapiga kelele "Tequila!" kwenye tangazo la biashara, fanya hesabu mwenyewe.

SWALI: Mhariri, mwambie mzee wako ametuchosha na Wamarekani. Hapa kwetu Iringa palikuwa na Tancut Almasi Orchestra na watu walijaa mpaka nje. Mbona hao hawaandiki? — Mwalimu mstaafu, Mafinga.

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na umenibana pazuri. Vijana hawajui kwamba Iringa palikuwa na kiwanda cha kuchonga almasi, na kiwanda kikawa na bendi yake, kama mashirika mengi ya umma ya wakati huo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani.

Sasa nikuulize na mimi. Ukiwataja Tancut, unaanza na nani? Na wewe utaanza na wale pacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kila mtu anaanza nao, na wanastahili. Halafu? Waliokuwa nyuma na ala za kupuliza wanaitwa "wale wapulizaji". Nimekaa vijiweni Mbeya na Iringa na watu waliocheza muziki huo usiku kucha, wanakuimbia kipande cha tarumbeta noti kwa noti, lakini ukiwauliza nani alikipuliza wanaanza kutazamana.

Los Angeles nako walisahaulika hivyo hivyo, ila kulikuwa na karatasi. Chama cha wanamuziki kilitaka fomu ya kila kipindi cha kurekodi: tarehe, studio, majina, ala. Si kwa mapenzi ya historia, ni kwa ajili ya malipo. Na chama chenyewe kilikuwa cha ubaguzi, Weusi na tawi lao 767, Wazungu na lao 47, hadi yalipounganishwa mwaka 1953. Lakini fomu zilijazwa, zikawekwa, na watu wa baadaye wakazifukua. Ndiyo maana leo kijana wa stesheneri Makambako anaweza kumtajia dereva jina la mpulizaji wa 1958. Mikanda mingi ya bendi zetu iliyorekodiwa Redio Tanzania imeandikwa jina la bendi na jina la wimbo, basi.

Kwa hiyo mwalimu, niletee majina. Wewe na wenzako wa Mafinga, Kalenga, Ilula, mliosimama karibu na jukwaa: nani alishika saksafoni, nani tarumbeta, mwaka upi, ukumbi gani. Andika kwa mkono, piga picha, tuma kwa mhariri. Nafasi yote ya toleo lijalo ni yenu, na Wamarekani watasubiri foleni.

SWALI: Saksafoni yangu ya alto asubuhi haipandi sauti sawa na kinanda, na noti za chini zinakwama. Mchana inapata nafuu. Nimeambiwa niinunulie mdomo mpya. — Uyole.

JIBU: Usinunue kitu bado. Uyole mwezi wa saba kila bomba linashuka sauti, hewa baridi ndani yake inafanya hivyo. Ipashe kwanza: ziba vifuniko vyote, puliza pumzi ya joto taratibu bila kutoa mlio, dakika chache, ndipo utafute sauti ya kinanda. Ukianza kusukuma mdomo ndani kwenye kizibo wakati bomba ni la baridi, likipata joto utakuwa juu ya kinanda na utairudisha tena katikati ya wimbo.

Noti za chini ni jambo jingine, hiyo inavuja. Subiri usiku, zima taa, ingiza balbu ndogo ya tochi yenye waya ndani ya bomba, kisha funga vifuniko kimoja kimoja kwa nguvu ya kawaida ya kidole. Mahali mwanga unapochungulia ndipo ngozi ya kifuniko imekakamaa au imechanika. Ikiwa ni moja au mbili, njoo na saksafoni Jumamosi kabla ya saa sita. Ikiwa ni nusu ya saksafoni, iache hapa wiki nzima, na ukija uwe na ridi yako mwenyewe, yangu siazimi mtu.